Panya wa Milima ya Ukinga na ugomvi wa meno yake

Otomys lacustris ni panya mnene wa nyasi za milimani, mwenye pua butu, masikio ya mviringo na mkia mfupi kuliko kiwiliwili chake. Hukaa kwenye nyasi nene na mabonde ya majimaji kwenye milima iliyo upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, na pia sehemu za Kenya, Malawi na Zambia. Ulaya na Asia nyasi za namna hiyo zina panya wa ukoo mwingine, ambao hawapo kabisa kusini mwa Sahara. Otomys anafanana nao kwa umbo na maisha, lakini vinasaba vinaonyesha kuwa ndugu zake ni panya wa Afrika.

Chakula chake ni majani na mashina. Hupita palepale kila siku hadi nyasi zinafunga juu na kuacha kijia chini yake. Kando ya kijia huonekana vipande vya mashina vilivyokatwa kwa jino na kulazwa pamoja. Kwa Otomys wa Afrika Kusini, waliochunguzwa zaidi, watoto ni wachache, huzaliwa na manyoya tayari, na hung'ang'ania chuchu kwa meno hata mama anapokimbia huwaburuta. Mondo na bundi huwawinda sana.

Meno ndiyo yaliyomletea ugomvi. Magego yake ni mabamba membamba yaliyopangwa sambamba, ya kusagia nyasi ngumu, na wataalamu hutenganisha aina kwa kuhesabu mabamba hayo.

Sayansi ilimpata kupitia Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Katika safari ya 1929 na 1930 alipanda hadi Madehani, katika Milima ya Ukinga, kaskazini mwa Liuli iliyo mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1933 yeye na mwenzake Glover Allen walimtangaza panya huyo kwa jina linalotokana na ziwa hilo.

Hapo mabishano yakaanza. Mwaka 1952 Bohmann wa Ujerumani alichapisha kazi kubwa iliyokusanya majina mengi ya Otomys katika aina chache tu. Mwaka uliofuata Loveridge na Barbara Lawrence walitoa maelezo yao kuhusu jamii hiyohiyo, na humo wakamtangaza panya mwingine wa Tanzania, Otomys uzungwensis, wa Milima ya Uzungwa. Panya wa Ukinga hakunusurika. Aliingizwa katika Otomys anchietae, aliyeelezwa mwaka 1882 kutoka Caconda nchini Angola, kilomita 2,000 hivi kutoka Madehani. Orodha kuu ya mamalia duniani ya mwaka 1993 ilimweka humo bado. Toleo la 2005 ndilo lililomrudishia jina lake. Kumfuta mnyama wa milima hii kwa sababu meno yake yanafanana na ya yule wa milima ya mbali ilikuwa haraka isiyo na msingi, kwa kuwa nyanda za joto kati ya milima hutenga wanyama wa baridi kama vile maji yanavyotenga visiwa.

Majina ya panya hubeba heshima pia: mwaka 2007 panya kadhaa wa jamii nyingine, Lophuromys, wa milima ya Tanzania walipewa majina ya watafiti wa hapa nchini, wakiwemo Kilonzo, Machang'u, Makundi na Sabuni, heshima iliyochelewa lakini wanayoistahili. Kielelezo cha panya kilichotoka Madehani, hata hivyo, kiko Harvard, Massachusetts. Picha na vipimo vyake vingefaa kuwekwa Makumbusho ya Majimaji, Songea, ili mwanafunzi wa Liuli au Mbinga avione bila kuvuka bahari.

Nyasi za milimani anazozitegemea zimelindwa Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nje ya hifadhi, misonobari inapandwa Makete na Njombe. Kivuli chake kikifunga, nyasi hufa, na panya asiyekula kingine hana pa kuhamia.