Kufunga rasilimali mara mbili (Python)

Kufunga rasilimali mara mbili ni hitilafu ya programu ambapo faili, soketi au muunganisho wa kanzidata uliokwisha kufungwa huamriwa kufungwa tena. Katika Python hutokea zaidi pale mtu anapotumia `with`, kisha kwa mazoea akaongeza `close()` yake. Kauli ya `with` iliingia katika toleo la 2.5, mwaka 2006, ili kumwondolea mwandishi mzigo wa kukumbuka kufunga: meneja wa muktadha huanza kwa `__enter__` na kusafisha kwa `__exit__`, hata kosa likizuka katikati.

Si kila rasilimali hulalamika. Faili inayotoka kwa `open()` haijali. Ni wito wa kwanza tu wa `close()` wenye athari. Lakini PyMySQL, maktaba ya kuunganisha Python na kanzidata ya MySQL, hutoa kosa papo hapo muunganisho wake ukifungwa mara ya pili. Watumiaji wa Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, hukutana na hali hii kwa nadra, kwa kuwa Django husimamia miunganisho yenyewe.

Hatari kubwa iko kwenye namba ambazo mfumo endeshi huzipa faili zilizo wazi. Chukua picha za Zanzibar Mapping Initiative, mradi ulioanza 2016 kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni. Anayezikata vipande anaweza kupitia faili ya muda ya `tempfile.mkstemp()`, inayompa namba na njia. Akiikabidhi namba hiyo kwa `with os.fdopen(namba, "wb")`, kisha akaandika `os.close(namba)` mwishoni, kwa kawaida atapata `OSError: [Errno 9]`. Hapo ana bahati. Katika programu yenye nyuzi (threads) kadhaa, mfumo endeshi huenda umeshaupa uzi mwingine namba ileile. Ni kama mgeni wa hoteli aliyerudisha ufunguo wa chumba namba 5 asubuhi, na jioni akaamuru chumba namba 5 kiondolewe mizigo: anayetolewa ni mwingine. Kipande cha picha ya mapaa ya Mji Mkongwe hukatika nusu, na kosa hujitokeza kwenye mstari usiohusika kabisa.

Tiba ni kuamua nani mwenye mali, kwani aliyefungua ndiye afungaye. Katika mfano huu `os.close()` inafutwa, au, namba ikibaki mikononi mwa aliyeiomba, `os.fdopen()` hupewa `closefd=False`. Fanksheni iliyopokea faili iliyo wazi haina haki ya kuifunga, na `contextlib.nullcontext`, iliyoletwa na Python 3.7, huiwezesha kutumia `with` bila kufunga. Umiliki ukihama, `contextlib.ExitStack.pop_all()` huuhamisha waziwazi. Anayeandika klasi yake aweke alama ya `_imefungwa`, na `close()` irudi kimya ikiikuta.

Kuliziba kosa kwa `contextlib.suppress(OSError)` ni uzembe, maana humeza pia taarifa ya diski iliyojaa wakati data ya mwisho inaandikwa.

Upande wa pili, wa kutofunga kabisa, nao una mtego wake. `with` juu ya muunganisho wa `sqlite3` huthibitisha au hubatilisha muamala tu, haifungi muunganisho. Kwa hiyo kabla ya kufuta `close()` yoyote, soma kwanza maelezo ya maktaba unayoitumia.