NGOMA YA MWALI NA UMOJA WETU WANAWAKE WA UZARAMO



Kikundi chetu kinatimiza miaka kumi, nasi tumeona siyo vizuri kuandika habari za hisa na mikopo peke yake. Umoja wa wanawake hapa Uzaramo haukuanza na sanduku letu. Ulianzia ngomani.

Zamani mwali aliwekwa ndani miezi mingi, wengine hata mwaka na zaidi, akifundwa. Humo alipewa mwana hiti. Ni kinyago kidogo cha mti, hakina mikono wala miguu, ila kina matiti, kitovu, na kichwa chenye nywele zilizopanda juu. Mwali alikiogesha na kukipaka mafuta kama mtoto wake. Asiyepata cha mti alitengenezewa hata cha gunzi la muhindi. Tena wanawake walimpeleka mwali kwenye mti wa mkole wakacheza na kuimba. Mkole unazaa matunda mengi, na maana yake kila mama aliielewa.

Wageni wakikiona kinyago hiki wanauliza, ati huyu ni mungu wa kike wa kale? Sisi tunajibu hapana. Mwali hakukisujudia, alikilea. Mzaramo anahesabu ukoo kwa mama. Basi mwana hiti ni alama ya mama na uzazi, yaani ukoo usikatike. Ndiyo maana umbo hilo hilo lilichongwa hata kwenye fimbo za wakubwa na nguzo za makaburi.

Ngomani ndiko tulikojifunza kutunzana. Leo unamtunza mwali wa mwenzio, kesho wako naye anatunzwa. Huo si ndio mchezo wetu wa fedha? Na mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, alipotafuta wanawake wa kuingia TANU, alikwenda kwenye vikundi vya ngoma. Akawakuta wamekwisha kujipanga, wana viongozi wao na michango yao.

Leo vinyago vingi vya mwana hiti viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na sisi huku tunaona haya kuvitaja mbele ya wajukuu. Wengine wanasema yote ni ushenzi, yatupwe. Sisi hatusemi turudishe yote. Binti asikatishwe shule kwa kuwekwa ndani, wala asiozwe mdogo. Lakini kujua usafi, heshima na thamani ya mwili wake, hayo nani atamfundisha tukinyamaza?

Tunawaomba akina mama wenye kujua nyimbo na maana zake wawaeleze mabinti, na wanaojua kuandika waandike. Bibi akiondoka na maneno yake, hakuna mkopo wa kuyarudisha.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote