COMICO ni nini, na kazi yake ni gani?

Katika miji mingi ya mashariki tunaishi mtaa mmoja na Waislamu na tunauza nao soko moja. Lakini ni nani anayesema kwa jina lao mbele ya serikali? Ni Jumuiya ya Kiislamu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayoitwa kwa kifupi COMICO.

Mwanzo wake

Uislamu ulifika kwetu katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Pwani, waliovuka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo na Nyangwe. Ndiyo maana Maniema ina Waislamu wengi hata leo. COMICO yenyewe ilianza mwaka 1972, wakati wa Mobutu, serikali ilipotaka kila dini iwe na sauti moja. Sisi Waprotestanti tunaielewa njia hiyo, kwa sababu jumuiya zetu pia ziliungana katika Kanisa la Kristo mwaka 1970.

Kazi yake

COMICO ina mwakilishi wa kisheria Kinshasa, na viongozi wake katika majimbo na miji. Inasimamia shule za Kiislamu zenye mkataba na serikali, kama makanisa yanavyosimamia zao. Tena ni mojawapo ya madhehebu manane yanayomchagua mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, CENI. Mwaka 2021 COMICO ilikuwa kati ya sita yaliyomuunga mkono Denis Kadima, wakati Kanisa letu na Wakatoliki walimkataa.

Umoja huo una majaribu yake. Tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, pande mbili zilizogombea uongozi wa COMICO zilipigana mbele ya uwanja wa Martyrs, Kinshasa, na polisi mmoja akauawa. Sisi tunaojua ugomvi wa viti katika makanisa yetu hatuna sababu ya kuwacheka.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Waasi wa ADF wanaua watu wetu kwa jina la Uislamu, na kila baada ya shambulio kuna wanaomnyoshea kidole jirani Mwislamu. Lakini tarehe 1 Mei 2021, Sheikh Ali Amini, mwakilishi wa Waislamu wa Beni, aliyekuwa akihubiri dhidi ya jeuri hiyo, alipigwa risasi akiwa msikitini katika sala. Mwezi ule ule sheikh mwingine aliuawa Mavivi, karibu na Beni. Nao wanazika watu wao kama sisi.

Kwa hiyo, uvumi ukizuka mtaani, wachungaji na wazee wamtafute kiongozi wa COMICO wa mahali pale, wamuulize na kumsikiliza kabla ya maneno kusambaa. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikumtoa jirani Mwislamu.