Samaki wa Madimbwi ya Ugogo na Wageni Waliowafuata

Wazee wa Dodoma husimulia kwamba jina la mji wao limetokana na neno la Kigogo, Idodomya, yaani mahali palipozama kitu. Na kitu chenyewe kilikuwa tembo aliyekwenda kunywa maji, akanasa katika tope, akadidimia asitoke tena. Ziko simulizi nyingine zishindanazo na hiyo, wala si kazi yangu leo kuamua kati yao. Nimeanza na tembo huyo kwa sababu tope la namna ile ile, lililommeza mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, ndilo lihifadhilo uhai wa kiumbe asiyezidi urefu wa kidole cha mtu. Na kwa ajili ya kiumbe huyo watu wamevuka bahari kuja huku kwetu kwa zaidi ya miaka 130.

Nimelelewa Kizota, upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, mahali ambapo zamani za utoto wangu nyumba zilikuwa chache na mabonde yalikuwa wazi. Ugogo hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kifuku kikishika, mashimo yaliyokuwa vumbi tupu mwezi wa Oktoba hujaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Na baada ya majuma machache sisi watoto tulikuwa tukipitisha kipande cha chandarua kikuukuu ndani yake, tukatoa samaki. Dume lilikuwa na rangi kama kitenge kipya, jike likiwa la kijivu lisilo na pambo lolote. Tulipouliza nyumbani wametoka wapi, maana hapakuwa na mto wala ziwa karibu, tuliambiwa wameanguka na mvua. Jibu hilo lilitutosha, na nakiri kwamba lilinitosha hata nilipokuwa mtu mzima mwenye shahada.

Ukweli wake ni wa ajabu kuliko kuanguka kutoka mawinguni. Samaki hao ni wa jamii ambayo wajuzi wa elimu ya viumbe huiita Nothobranchius. Jike hutaga mayai moja moja katika tope la chini ya dimbwi. Jua likilikausha dimbwi, wazazi wote hufa, asibaki hata mmoja. Lakini mayai husalia udongoni yakiwa hai, ukuaji wake umesimama kama mtu aliyelala, yakingoja maji kwa miezi mingi. Wala hayaamki yote kwa mvua ya kwanza. Mengine huendelea kulala, ili mvua ile ikiwa ya udanganyifu, kama zilivyo mvua nyingi za Ugogo, kizazi kisifutike. Mkulima wa mtama, aliyekwisha kupoteza mbegu zake zote kwa kupanda mapema, ataielewa busara hiyo upesi kuliko mimi.

Basi, nani aliyewafuata samaki hao kwanza? Mwezi wa Aprili 1890 msafara uliondoka Bagamoyo chini ya Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, naye safari hii alikuwa katika utumishi wa serikali ya Wadachi. Pamoja naye alikuwapo Daktari Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama, ambaye miaka miwili kabla yake alikwisha kukusanya samaki Unguja. Walipita Mpwapwa, wakakata Ugogo kuelekea Tabora, kwa njia ile ile ya misafara ya pembe. Katika ziwa la Chaya, upande wa magharibi wa Ugogo, walipata samaki wadogo wakawatia katika chupa za dawa. Mwaka 1891 Franz Hilgendorf wa makumbusho ya Berlin alimtangaza mmoja wao kwa jina la taeniopygus, ambalo kwa tafsiri ya adabu ni “mwenye utepe upande wa nyuma”. Emin mwenyewe aliuawa Kongo mwezi wa Oktoba 1892. Samaki wake walikuwa wamekwisha kupata jina.

Miaka michache baadaye alipita Oscar Neumann, mkusanyaji mwingine wa Kijerumani, kati ya 1893 na 1895. Samaki wake walikaa sana katika makabati: maandishi ya Hilgendorf juu yao yalitoka mwaka 1905, naye Hilgendorf alikuwa amefariki mwaka 1904. Ndipo nyanda zetu za kati zikapata samaki aitwaye neumanni.

Hao hawakuwa wapenzi wa samaki kwa maana ninayoikusudia. Walikusanya kila kitu, ndege, mende, mafuvu na mishale, na samaki aliingia katika chupa akiwa mfu. Wapenzi wa kweli, wale wanaomtaka samaki akiwa hai ili wamtazame jioni nyumbani katika sanduku la kioo, walikuja baadaye. Marekani waliunda chama chao mwaka 1961, na Wajerumani mwaka 1969. Yai lenye uwezo wa kulala bila maji liliwafaa mno, kwa sababu liliweza kutiwa katika mboji yenye unyevu kidogo, likafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, likapelekwa kwa posta kama barua. Sijui mfugo mwingine wenye uti wa mgongo uliowahi kuenezwa duniani kwa stempu.

Kisha wakataka kuja wenyewe. Bibi mmoja wa Kijerumani, Edith Korthaus, alifika Mafia, na samaki wa huko akaitwa korthausae mwaka 1973. Mholanzi Ruud Wildekamp alitangaza aina kadhaa za Tanzania mwaka 1977, miongoni mwao steinforti wa Kimamba. Mwaka 1979 alikuwa mmoja wa waliomtangaza foerschi, aliyepewa jina la Walter Foersch, tabibu wa Ujerumani aliyefuga samaki nyumbani kwake. Baadaye alikuja mara nyingi Brian Watters kutoka Kanada. Huyu kazi yake ilikuwa elimu ya miamba, na labda ndiyo sababu aliliona jambo ambalo wenzake walilipita: kwamba kinachoamua kama samaki watakuwapo ni udongo wa dimbwi zaidi kuliko maji yake. Wanahitaji ule udongo mweusi wa mbuga, upasukao kiangazi na kunata masika, ule ule uliomnasa tembo wetu.

Safari zao hufanana. Huja mvua zinapokaribia kwisha, hukodi gari, huenda polepole wakitazama kando ya barabara na ya reli. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa tuta lake yamekuwa madimbwi mazuri kuliko mengi ya asili. Husimama, huvua viatu, huingia na nyavu za mkono, hupima joto la maji, huandika jina la mahali. Usiku, katika chumba cha kulala wageni, hubadilisha maji ya mifuko mmoja mmoja wakati wengine wamelala. Jina waliloliandika huambatana na samaki huyo daima, kwa kuwa mfugaji mwaminifu hachanganyi wa dimbwi hili na wa dimbwi lile. Hivyo Soga na Kimamba, stesheni ambazo msafiri wa gari moshi huzipita akisinzia, zinatamkwa kwa heshima na watu wa Ulaya wasioweza kuzionyesha katika ramani.

Wako wanaowaita watu hawa wezi. Mimi siafiki. Katika mwaka 1968 mpenzi mmoja wa Kimarekani, Richard Furzer, alipata samaki katika dimbwi la Gonarezhou, katika nchi iliyoitwa Rhodesia wakati huo na sasa ni Zimbabwe. Uzao wake ulipokezanwa na wafugaji, nyumba kwa nyumba, kwa zaidi ya miaka 30, pasipo mshahara wala sifa. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Italia wakaonyesha kwamba samaki hao huzeeka na kufa baada ya majuma 12 hivi hata wakilishwa vema na maji yasipokauka. Leo wanafugwa katika maabara za Ujerumani na Marekani ili kuchunguza uzee wa binadamu, na mwaka 2015 ramani ya urithi wao ilichapishwa. Kama wapenzi wale wangechoka mwaka mmoja tu, elimu hiyo isingekuwa na mahali pa kuanzia.

Ninalowalaumu ni jambo jingine, na katika lawama hiyo sisi tumo. Katika majina yote niliyoyataja, neumanni, steinforti, foerschi, korthausae, hakuna jina la mtu wa kwetu. Chupa za Stuhlmann zilibebwa kichwani na wapagazi. Mashimo ya Neumann hayakujionyesha yenyewe. Na kila mgeni aliyesimama kando ya barabara alizungukwa na watoto waliojua dimbwi lipi lina samaki na lipi halina. Lakini tusiwasingizie wageni tu. Mwaka 1941 F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la matabibu la Afrika ya Mashariki kwamba samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu wa malaria, na habari hiyo haikuingia katika vitabu vyetu vya shule. Nchi hii ina aina nyingi za Nothobranchius kuliko nchi nyingine yoyote, nami niliyepewa kazi ya kufundisha maneno nimepekua kamusi za Kiswahili ninazozitumia darasani, nisione hata neno moja la kuwaita.

Na muda unapungua. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, mji umepanuka kwa kasi, na dimbwi kwa mjenzi ni shimo la kufukia. Mayai yaliyolala udongoni hayana mlalamishi. Hufunikwa kifusi mwezi wa Septemba, wakati hata mtu mwema haoni chochote cha kuhurumia.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, nilikwenda Kizota kuwasalimia ndugu, nikapita kwenye bonde letu. Limebaki shimo moja. Mtoto wa miaka tisa hivi alikuwa ndani yake mpaka magotini, na chupa ya plastiki iliyokatwa shingo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umeshika nini?”

Akainua chupa juani. Dume moja, majike mawili.

“Samaki-mvua,” akasema, kama mtu anayetaja kitu kijulikanacho na wote.

Nikatoa kalamu nikaliandika. Ukingoni mwa shimo vilisimama vigingi vinne vya mpima viwanja, vimepakwa rangi nyekundu.