Kiwanja Katika Mji Usiokamilika: Imani ya Mnunuzi wa Ardhi Dodoma

Tarehe 1 Oktoba 1973, baada ya matawi 1,017 ya TANU kati ya 1,859 kuunga mkono hoja ya kuhamisha makao makuu ya nchi, chama kiliamua kuwa yahamie Dodoma katika muda wa miaka kumi, na tangu hapo kila aliyechukua kiwanja katika mji huo alichukua kitu ambacho hakijakamilika. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kama CDA, ndiyo iliyokabidhiwa ardhi ya mji, nayo ikaigawa kwa mikataba ya miaka 33, yaani mwananchi alikuwa mpangaji wa muda mrefu chini ya hati ya Mamlaka. Ramani ya mwaka 1976, iliyochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ilikuwa na barabara na bustani mahali ambapo bado palikuwa na mibuyu na mashamba ya uwele ya Wagogo.

Vita vya Kagera na ukata uliofuata vilifanya ile miaka kumi ipite bila mji kukamilika, na hasara ya kungoja ikambakia mnunuzi. Mnunuzi wa kiwanja alikuwa na ahadi ya serikali tu.

Pembeni ya utaratibu rasmi palikuwa na soko la ardhi isiyopimwa, ambamo mwenye shamba alimkatia mgeni kipande kwa kuhesabu hatua za miguu, wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, na mhuri ukagongwa. Karatasi hiyo ilithibitisha mauziano, si miliki, na wapima walipokuja kusimika bikoni, yaani vigingi vya zege vya kuonyesha kona za viwanja, mstari wa mpaka uliweza kupita katikati ya nyumba.

Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, ardhi ilianza kugombewa, na malalamiko ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili yakazidi kusikika, hadi tarehe 15 Mei 2017 alipoivunja CDA na kazi zake zikahamishiwa Manispaa. Mikataba ya miaka 33 ilipisha hati za miaka 99, hatua iliyostahili kuchukuliwa mapema zaidi, ingawa urefu wa miaka hauamui nani mwenye haki pale majina yanapokuwa mawili. Anayenunua leo katika maeneo ya Dodoma kama Nala au Ihumwa na afanye kwanza upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za kiwanja katika ofisi ya ardhi, kabla ya kumlipa muuzaji hata shilingi moja.