Mizani ya Kuanguka Hospitalini
Kabla mgonjwa hajateremsha miguu kitandani, yampasa muuguzi ajue kadiri ya hatari iliyo mbele yake, na maarifa hayo, yaliyotegemea sana busara ya mtu mmoja mmoja, yalipata mizani mashuhuri mwaka 1989, pale Janice Morse, muuguzi na mwanazuoni aliyefanya kazi Kanada, pamoja na wenzake, walipotangaza mambo sita yenye kuhesabiwa hadi alama 125. Aliyeanguka karibuni huandikiwa 25. Mwenye dripu, 20. Atembeaye kwa mkongojo, 15, bali ashikiliaye samani, 30, nami naona hapo pana hekima kubwa, kwani mkongojo humfuata mwenyewe, ilhali meza ya wodi yenye magurudumu humkimbia. Mwaka 1997 ilitangazwa kutoka London mizani nyingine, STRATIFY, yenye maswali matano. Walakini alama hizo hazikubainisha kwa yakini nani angeanguka, ndipo mwaka 2013 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilipoagiza mizani za kutabiri ziachwe, na kila aliyelazwa mwenye miaka 65 au zaidi ahesabiwe kuwa hatarini, kisha achunguzwe macho, mwendo, dawa na haja ndogo, agizo ninaloliafiki kwa moyo wote.