Chanjo ya Msichana wa Miaka Kumi: Ilitoka Wapi?

Kuna swali ambalo huulizwa sana kliniki kuhusu chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi: "Sista, huyu ana miaka kumi tu, bado ni mtoto. Mbona mwamdunga sindano ya ugonjwa wa wanawake wazima?" Mama anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa. Leo nitajibu kwa kusimulia chanjo hii ilikotoka, maana jibu limo humo.

Mwaka 1951, huko Baltimore nchini Marekani, mama wa watoto watano aitwaye Henrietta Lacks alifariki kwa saratani hii akiwa na miaka 31. Madaktari walikuwa wamechukua chembechembe za uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, jambo ambalo halikuwa sawa hata kidogo. Chembechembe hizo ziliendelea kuzaana katika maabara, na ziko hai mpaka leo.

Wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika chanzo cha ugonjwa wenyewe. Miaka ya 1970, wataalamu wengi walishuku virusi vya herpes. Daktari Mjerumani, Harald zur Hausen, hakukubaliana nao. Yeye alishuku HPV, jamii ya virusi vinavyoleta chunjua. Mwaka 1983 kundi lake lilipata HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hii, na mwaka 1984 likapata aina ya 18. Hiyo ya 18 waliikuta hata katika zile chembechembe za mama Lacks! Aina hizi mbili ndizo huleta takriban visa 70 kati ya 100 vya saratani ya mlango wa kizazi. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Sasa, mama, sikiliza hapa. HPV huenezwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Vikikataa kutoka, saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 15 au 20. Kwa hiyo mama anayeugua akiwa na miaka 40, mara nyingi aliambukizwa akiwa bado kijana.

Mwaka 1991, Ian Frazer na Jian Zhou, watafiti wa Brisbane, Australia, walifaulu kutengeneza ganda la kirusi hiki bila kitu ndani yake. Lifikirie kama ganda la yai lisilo na kiini, haliwezi kuangua kifaranga. Mwili ukilionyeshwa ganda hilo hujiandaa kupigana na kirusi chenyewe kikija. Zhou alifariki mwaka 1999, kabla chanjo haijaidhinishwa mwaka 2006.

Lakini chanjo hii ina mpaka wake: haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Hapo ndipo lilipo jibu la miaka kumi. Hatumchanji msichana kwa kumdhania mabaya. Tunamchanja mapema kwa sababu mlango hufungwa mwizi akiwa bado nje, na pia kwa sababu mwili wa umri huo huipokea chanjo vizuri sana.

Hapa Kenya, Kitui ilitangulia kwa majaribio mwaka 2013, kisha chanjo ikazinduliwa nchi nzima huko Mombasa Oktoba 2019, kwa dozi mbili. Miezi michache baadaye corona ikafunga shule, na wasichana wengi wakakosa kufikiwa. Uvumi nao haukukosa. Wengine walikuwa bado wanakumbuka mzozo wa chanjo ya pepopunda wa mwaka 2014, na hofu ya ugumba ikahamia kwenye chanjo hii. Mamilioni ya wasichana duniani wamekwisha kuchanjwa na kufuatiliwa, na haijaonekana kwamba inazuia uzazi. Kule Scotland, utafiti uliotolewa mwaka 2024 haukupata hata kisa kimoja cha saratani hii iliyopenya kwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13.

Wasichana wetu nao wamo katika historia hii. Kuanzia mwaka 2018, watafiti wa KEMRI na wenzao waliwaandikisha wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Thika, Nairobi na Kisumu. Mwaka 2022 walitangaza kwamba dozi moja tu ilikinga dhidi ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97, miongoni mwa wale ambao hawakuwa na virusi hivyo mwanzoni. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja yaweza kutumika kwa walio na miaka 9 hadi 20. Wenye virusi vya ukimwi huhitaji zaidi ya moja.

Mwenye binti wa miaka 10 hadi 14 ampeleke kituo cha afya cha serikali, ambako chanjo ni ya bure, na kitabu chake cha kliniki kama bado kipo. Dada zake waliopita umri huo wasikae nyumbani wakidhani wamechelewa; waje tuzungumze. Nawe mama, kama una miaka 25 au zaidi, siku hiyohiyo uliza kuhusu kupimwa mlango wa kizazi. Hata binti aliyechanjwa atahitaji kipimo hicho akikua, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za HPV.